Kodi ya Mkulima, Tasnifu ya Mwanafizikia

Tuanze na hesabu ya hasara, kwa sababu wanaopinga jimbo kugharamia uzamivu wa fizikia huanzia hapo, na hoja yao si ya kupuuzwa.

Mwaka 1941 binti wa miaka 20 kutoka New York, Rosalyn Sussman, alifika Chuo Kikuu cha Illinois kusomea shahada ya uzamivu ya fizikia. Katika kikao cha kwanza cha kitivo cha uhandisi alijikuta mwanamke pekee kati ya watu wapatao 400. Chuo kilimpa posho kwa kazi ya kufundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza, naye akasoma huku akifundisha, hadi akahitimu mwaka 1945. Kisha akarudi kwao New York. Huko, akijulikana sasa kwa jina la mumewe kama Rosalyn Yalow, yeye na daktari Solomon Berson walibuni njia ya kupima kiasi kidogo mno cha homoni ndani ya damu kwa kutumia vitu vyenye mionzi. Njia hiyo ilibadili namna madaktari wanavyokielewa kisukari na maradhi ya tezi, ikaja kutumika pia kuchunguza usalama wa damu inayotolewa. Mwaka 1977 akapewa Tuzo ya Nobel. Jimbo lililomsomesha halikupata hata senti moja kutokana na kazi hiyo. Yalow na Berson wenyewe hawakuichukulia hataza.

Mfuate Nick Holonyak, mtoto wa mchimba makaa ya mawe wa Zeigler, kusini mwa Illinois. Alipata uzamivu wake wa uhandisi wa umeme mwaka 1954 katika chuo hichohicho, akiwa mwanafunzi wa kwanza wa uzamivu wa John Bardeen, profesa aliyefundisha fizikia na uhandisi wa umeme kwa pamoja. Mwaka 1962 akatengeneza taa ya LED ya kwanza iliyotoa mwanga mwekundu unaoonekana vizuri kwa macho. Lakini aliitengeneza Syracuse, katika jimbo la New York, kwa mshahara wa General Electric. George Craford alihitimu uzamivu wa fizikia Illinois mwaka 1967, akaajiriwa na kampuni ya Monsanto iliyokuwa na makao yake Missouri, na mwaka 1972 akatoa LED ya kwanza ya rangi ya njano. Mwaka 1993 vijana wa kituo cha kompyuta kuu cha chuo walitoa Mosaic, kivinjari kilichowafungulia watu wa kawaida mlango wa intaneti. Mwaka uliofuata Marc Andreessen, mmoja wa waliokiandika, alikuwa California akianzisha kampuni iliyokuja kuitwa Netscape.

Mbunge wa jimbo akiyajumlisha haya ana haki ya kuuliza: kwa nini mkulima wa mahindi wa Illinois akatwe kodi ili asomeshwe mtu atakayekwenda kuitajirisha California?

Swali hilo linastahili jibu la kweli, na mara nyingi halipewi. Watetezi wa vyuo hukimbilia orodha ya Tuzo za Nobel, wakidhani sifa inatosha kuwa faida. Mimi nadhani jibu liko kwingine. Jimbo linalogharamia uzamivu wa fizikia linajinunulia uwezo: uwezo wa kuwa mahali ambapo jambo kubwa linaweza kuanza, na ambapo jambo lililoanzia kwingine linaweza kupokelewa na watu wanaolielewa. Uwezo huo hukaa vichwani na mikononi mwa watu. Hujengwa polepole, na ukishatoweka hakuna duka linalouuza.

Nani analipa nini

Chuo Kikuu cha Illinois ni mtoto wa Sheria ya Morrill, iliyotiwa saini na Rais Abraham Lincoln Julai 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto. Kila jimbo liligawiwa ekari 30,000 za ardhi ya serikali kuu kwa kila mwakilishi na kila seneta wake huko Washington, ili mapato ya ardhi hiyo yaanzishe vyuo vya kufundisha kilimo na ufundi. Illinois ilianzisha chuo chake mwaka 1867 katika miji pacha ya Urbana na Champaign, katikati ya mashamba, kusini mwa Chicago kwa takriban kilomita 220. Tangu mwanzo, basi, mkataba ulikuwa wazi: jamii inatoa mali yake, chuo kinarudisha maarifa yenye manufaa.

Fizikia ilichelewa kupata nguvu hapo. Mtu aliyeiinua ni Wheeler Loomis, aliyekabidhiwa idara mwaka 1929, mwaka uleule soko la hisa lilipoanguka. Aliiongoza hadi 1957. Katika miaka migumu ya 1930 aliajiri vijana ambao majina yao hayakuwa yanajulikana bado. Mmoja wao, Donald Kerst, aliwasha mwaka 1940 mashine aliyoijenga mwenyewe, betatroni, iliyosukuma elektroni hadi nishati ya elektronivolti milioni 2.3. Betatroni zilizofuata zilitumika kupiga picha ndani ya vyuma vinene viwandani na kutibu saratani hospitalini.

Ili kuona fedha zinavyotembea, mtazame mwanafunzi mmoja wa uzamivu. Halipi ada. Kinyume chake, yeye ndiye anayelipwa posho, ndogo lakini ya kumtosha chumba na chakula. Miaka ya mwanzo anaipata kwa kufundisha. Asubuhi yuko maabara na wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa kwanza, akiwaonyesha jinsi ya kupima mwendo wa kitoroli kwenye reli yake. Jioni anasahihisha majaribio yao. Anapochagua mada ya tasnifu, posho yake huhamia kwenye ruzuku ya utafiti aliyoiomba profesa wake kutoka Washington, kwenye taasisi kama Mfuko wa Taifa wa Sayansi au Wizara ya Nishati. Safari nzima huchukua kama miaka sita.

Jimbo hulipa wapi? Hulipa sehemu ya mishahara ya maprofesa, hulipa majengo, na humkaribisha profesa mpya kwa vifaa vya kuanzia maabara, ambavyo katika fizikia ya majaribio vinaweza kupita dola milioni moja. Baada ya hapo ni kazi ya profesa kutafuta ruzuku. Ruzuku zikija, fedha zilizokusanywa kwa walipa kodi wa Marekani nzima huingia Champaign, na huko hulipa posho, mafundi wa karakana, heliamu ya kupozea mitambo, na sehemu ya gharama za uendeshaji wa chuo. Posho hizo hulipa kodi za nyumba na bei za vyakula katika mji huohuo. Jimbo lisipoajiri maprofesa wala kujenga maabara, fedha za Washington hazibaki zikilisubiri. Huenda Michigan, huenda Texas.

Mpango huu una udhaifu, nao ulidhihirika mwaka 2025. Kuanzia Februari mwaka huo taasisi za serikali kuu, moja baada ya nyingine, zilitangaza kwamba zitakata mchango wao kwa gharama za uendeshaji hadi asilimia 15 ya fedha za utafiti, kiwango kilicho chini sana ya vilivyokuwa vimekubaliwa na vyuo vingi. Vyuo na majimbo yalikimbilia mahakamani, na mahakama zikazuia makato hayo. Funzo lake kwa bunge la jimbo ni la moja kwa moja: chuo kinachotegemea mfuko mmoja tu kimejiweka rehani. Fedha za jimbo ndizo zinazoivusha maabara pale Washington inapobadili nia.

Mwaka 1957

Bardeen alihamia Urbana mwaka 1951 kutoka Bell Labs, New Jersey, ambako yeye na Walter Brattain walikuwa wameunda transista ya kwanza mwishoni mwa 1947. Alikuja na tatizo lililomkaa moyoni. Mwaka 1911, huko Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes aliipoza zebaki hadi karibu kabisa na kikomo cha baridi na kuona ukinzani wake wa umeme ukitoweka ghafla. Metali iliyo katika hali hiyo huitwa superkondakta: mkondo wa umeme ukianzishwa ndani yake huzunguka bila kupungua. Kwa zaidi ya miaka 40 hakuna aliyeweza kueleza kwa nini. Einstein alijaribu, Heisenberg alijaribu, Feynman alijaribu, na wote walishindwa.

Mwanafunzi mmoja wa uzamivu, Robert Schrieffer, alilichagua tatizo hilo kutoka kwenye orodha ya mada alizopewa na Bardeen. Mwenzao wa tatu alikuwa Leon Cooper, aliyemaliza uzamivu New York na kuja Urbana kama mtafiti kijana. Cooper alitangulia kwa kuonyesha kwamba elektroni mbili ndani ya metali baridi zinaweza kushikamana kama jozi. Hapo wakakwama. Desemba 1956 Bardeen alijiandaa kwenda Stockholm kupokea Tuzo ya Nobel ya transista, na Schrieffer, aliyekuwa na miaka 25, akafikiria kubadili mada. Kijana anayetaka kuhitimu hawezi kung'ang'ania mlima usiopandika. Bardeen alimwomba avumilie mwezi mmoja zaidi.

Mwanzoni mwa 1957, akiwa ndani ya treni ya chini ya ardhi jijini New York, Schrieffer aliandika fomula iliyozieleza elektroni zote za metali kwa pamoja, jozi kwa jozi, kama kitu kimoja. Aliporudi Urbana alimwonyesha Bardeen, naye akaona mara moja kwamba kijana amegusa penyewe. Wote watatu wakaingia kwenye hesabu usiku na mchana. Wakati huohuo, katika idara ileile, Profesa Charles Slichter na mwanafunzi wake wa uzamivu Charles Hebel walikuwa wamepima jinsi viini vya atomu za alumini vinavyotulia metali inapogeuka kuwa superkondakta, na walipata matokeo ya ajabu: kasi ya kutulia ilipanda kwanza badala ya kushuka. Nadharia mpya ilieleza hasa kwa nini. Jibu na kipimo chake vilikutana karibu chini ya paa moja, na mwaka 1972 Bardeen, Cooper na Schrieffer walipewa Nobel. Hadi leo Bardeen ndiye mtu pekee aliyepata Nobel ya fizikia mara mbili.

Mwangalie mwanauchumi akisoma habari hii. Ataona kwamba wawili kati ya watu waliolivunja tatizo lililowashinda wakubwa wa karne walikuwa wanafunzi wanaoishi kwa posho. Programu ya uzamivu si shule iliyowekwa pembeni ya utafiti. Ndiyo inayoufanya utafiti wenyewe. Profesa ana mihadhara, vikao na maombi ya ruzuku. Mwenye siku nzima ya kukaa na tatizo moja kwa miaka ni mwanafunzi. Ukiiondoa programu ukabakiza maprofesa, umebakiza majina mlangoni.

Ataona pia kwamba faida ilikuja kwa njia ndefu. Nadharia ya 1957 haikutengeneza waya wowote. Waya wa superkondakta uliotokea kufaa zaidi, wa aloi ya niobi na titani, ulitokana na majaribio ya wataalamu wa metali. Mteja wake mkubwa wa mwanzo alikuwa maabara ya Fermilab, iliyopo Batavia, humohumo jimboni Illinois, ambayo mwaka 1983 iliwasha mashine ya Tevatron yenye sumaku za superkondakta zilizopangwa kwenye duara la zaidi ya kilomita sita. Oda za Fermilab zilikikuza kiwanda cha waya huo, na waya huo ukawa moyo wa mashine za MRI hospitalini. Upigaji picha wa MRI wenyewe ulianzishwa na mkemia Paul Lauterbur akiwa Stony Brook, chuo kikuu cha jimbo la New York. Mwaka 1985 alihamia Illinois, na ndiko alikokuwa alipopewa Nobel mwaka 2003. Majimbo mawili, chuo kimoja kikimpa mtu nafasi ya kugundua na kingine kikimpokea: huo ndio mwendo wa kawaida wa maarifa.

Kwa nini soko halilipi

Katika mwaka uleule wa 1957, mwanauchumi Robert Solow alichapisha hesabu iliyowashtua wenzake. Alichunguza uchumi wa Marekani kati ya 1909 na 1949 na kuona kwamba sehemu ndogo tu ya ongezeko la uzalishaji kwa saa ya kazi ilitokana na kurundika mitambo na mitaji zaidi. Takriban sehemu saba kati ya nane zilitokana na mabadiliko ya maarifa na mbinu. Miaka miwili baadaye Richard Nelson, na mwaka 1962 Kenneth Arrow, walieleza kwa nini soko likiachwa peke yake litalipia utafiti wa msingi pungufu ya inavyohitajika. Kampuni inayogharamia ugunduzi haiwezi kuwazuia wengine wasiutumie, haijui utazaa nini, wala utazaa lini. Kwa hiyo kampuni yenye akili timamu itasubiri mwenzake agharamie. Wote wakisubiri, hakuna kinachogunduliwa.

Hoja hiyo inathibitisha kwamba umma lazima ulipe. Haithibitishi kwamba jimbo lazima lilipe. Mbunge wetu atasema: sawa, basi walipe Washington.

Hapa ndipo kazi ya Adam Jaffe ya mwaka 1989 inapoingia. Alilinganisha majimbo ya Marekani na kuuliza kama matumizi ya utafiti katika vyuo vikuu vya jimbo yanahusiana na idadi ya hataza zinazopatikana na kampuni zilizo katika jimbo hilohilo. Alikuta uhusiano. Maarifa huvuja, ni kweli, lakini kabla ya kufika mbali hulowanisha ardhi ya karibu. Sababu haishangazi kwa yeyote aliyefanya kazi na wataalamu. Makala ya kisayansi husafiri popote kwa dakika moja. Ujuzi wa kuirekebisha pampu ya utupu, wa kusikia kwamba mtambo unalia vibaya, wa kujua ni jaribio gani lilishindwa bila kuandikwa popote, husafiri kwa miguu ya watu. Mwenye kiwanda aliye umbali wa dakika kumi kwa gari anaweza kumwita mwenye ujuzi huo waonane kesho.

Kinachobaki

Sasa turudi kwenye daftari la hasara tulisome ukurasa wa pili.

Holonyak alirudi Illinois mwaka 1963 akiwa profesa, akafundisha huko kwa takriban miaka 50. Craford alikuwa mwanafunzi wake. Russell Dupuis, aliyeiboresha njia ya kukuza tabaka nyembamba za semikondakta, alikuwa mwanafunzi wake pia. Tuzo ya Malkia Elizabeth ya Uhandisi ya mwaka 2021, iliyotolewa kwa kazi ya taa za LED, iligawiwa watu watano: Isamu Akasaki na Shuji Nakamura, wazaliwa wa Japani, pamoja na Holonyak, Craford na Dupuis. Watatu wa mwisho wote walipata uzamivu wao Urbana.

Kituo kilichozaa Mosaic kiliombewa fedha mwaka 1983 na Larry Smarr, mwanafizikia wa anga aliyekuwa akikokotoa migongano ya mashimo meusi. Alichoka kuona watafiti wa Marekani wakilazimika kwenda Ujerumani kuomba zamu kwenye kompyuta kuu. Kituo kilifunguliwa mwaka 1986. Netscape iliondoka, lakini kituo hakikuondoka. Bado kipo Urbana na bado kinavuta ruzuku na watu. Mwaka huohuo wa 1986 Stephen Wolfram aliajiriwa kuwa profesa wa fizikia, na mwaka uliofuata alianzisha Champaign kampuni ya programu za hesabu. Bidhaa yake, Mathematica, ilitoka mwaka 1988 na ikaenea duniani. Makao makuu ya kampuni yamebaki Champaign.

Lililo kubwa kuliko yote hayo halina tuzo wala jina. Kila mhandisi anayehitimu Urbana, awe wa mitambo, wa umeme, wa ujenzi au wa kilimo, alipitia kwanza masomo ya mwendo na ya umeme na sumaku. Aliyesimama naye maabara alikuwa mwanafunzi wa uzamivu wa fizikia. Wahandisi hao ndio wanaokwenda kwenye viwanda vya jimbo. Deere & Company ya Moline, Illinois, ambayo matrekta yake yanajulikana hadi mashamba ya kwetu, ina kituo chake cha ubunifu kwenye eneo la utafiti la chuo huko Champaign, jirani na wanafunzi inaotaka kuwaajiri. Mkulima wa mahindi tuliyemtaja mwanzoni anaendesha trekta lenye vihisio, leza na setilaiti za kuliongoza. Kodi yake imemrudia, ingawa haikuja na risiti.

Tena kuna eneo la South Works, kusini mwa Chicago, kando ya Ziwa Michigan. Kiwanda cha chuma cha U.S. Steel kilichokuwa kimeajiri maelfu ya watu kilifungwa hapo mwaka 1992, na ardhi ikabaki tupu kwa miongo mitatu. Mwaka 2024, chini ya Gavana J.B. Pritzker, bunge la Illinois liliidhinisha dola milioni 500 kwa teknolojia ya kwantamu, na eneo hilo likachaguliwa kujengwa bustani ya viwanda vya kompyuta za kwantamu. Mpangaji mkubwa wa kwanza aliyetangazwa ni PsiQuantum, kampuni ya California. Nafuu za kodi zilichangia kuivutia, hilo halifichiki. Lakini nafuu za kodi hutolewa na kila jimbo. Ambacho kila jimbo halina ni Chuo Kikuu cha Illinois, Chuo Kikuu cha Chicago, na maabara za Argonne na Fermilab katika eneo moja, zikiwa zimesomesha wanafizikia kwa miongo. Safari hii kampuni imetoka California ikaja Illinois, kuwafuata watu.

Gharama ya kukatiza

Yako matumizi ambayo serikali inaweza kuyasimamisha mwaka mmoja na kuyarudisha mwaka unaofuata bila madhara makubwa. Barabara isiyowekwa lami mwaka huu itawekwa mwakani. Programu ya uzamivu haivumilii hivyo.

Illinois ililijaribu hilo bila kukusudia. Kuanzia Julai 2015 Gavana Bruce Rauner na bunge lililoongozwa na Wademokrati walishindwa kuelewana, na jimbo likakaa zaidi ya miaka miwili bila bajeti kamili, hadi Julai 2017. Vyuo vikuu vya umma viliendeshwa kwa fedha za dharura zilizokuja kwa vipande. Chuo kikubwa kama cha Urbana kilikuwa na ada na ruzuku za kujishikilia. Vyuo vidogo vya jimbo viliumia zaidi, vikapunguza watu.

Fikiria maana yake kwa idara ya fizikia. Profesa mwenye jina hupokea barua za kualikwa kwingine hata nyakati za raha. Mwaka wa mashaka, huanza kuzijibu. Akiondoka, huondoka na ruzuku zake, na wanafunzi wake humfuata au hubaki bila msimamizi. Maabara yake huhitaji fedha mpya za kuanzia kwa atakayemrithi, na mrithi hahitimishi mwanafunzi wa kwanza kabla ya miaka mitano au sita. Loomis alihitaji karibu miaka 30 kuijenga idara. Mkulima anayeuza mahindi yote, hata yale ya mbegu, huonekana tajiri kwa msimu mmoja. Serikali inayoifunga programu kama hii huonekana hodari wa kubana matumizi kwa muda kama huohuo.

Mipaka ya hoja

Hoja njema huharibiwa na ahadi zisizotimia, kwa hiyo niiwekee mipaka.

Si kila chuo cha jimbo kinastahili programu ya uzamivu ya fizikia. Programu yenye maprofesa wanne, bila vifaa, inayowapa vijana shahada bila kuwapa ujuzi, ni dhuluma kwa vijana hao na kwa walipa kodi. Afadhali jimbo liwe na programu moja imara kuliko sita zinazochechemea. Vilevile, wahitimu wengi hawatakuwa maprofesa. Marekani hutoa wahitimu wa uzamivu wa fizikia wanaokaribia 2,000 kwa mwaka, na nafasi za uprofesa ni chache mno kuliko hapo. Wengi huenda kwenye semikondakta, programu za kompyuta, vifaa vya tiba, na benki. Programu inayowaficha wanafunzi wake ukweli huo inawakosea. Inayowaandaa kwa ajili yake inaliongezea jimbo thamani.

Karibu nusu ya wanafunzi hao si raia wa Marekani. Wapo wanaoliona hilo kama hoja ya kufunga mkono. Mimi naliona kinyume: jimbo linampata mtu ambaye nchi nyingine imemlea na kumsomesha kwa miaka 16 au zaidi, na huanza kumlipia pale anapoanza kuzalisha. Anayepaswa kuhesabu hasara hapo ni nchi alikotoka.

Na nchi alikotoka inaweza kuwa yetu. Umoja wa Afrika uliweka lengo la asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Kenya, katika Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013, iliandika asilimia 2. Malengo hayo hayajatimizwa, na sababu inayotolewa mara nyingi ni kwamba nchi maskini itaanzia wapi kutafuta Nobel. Lakini mfano wa Illinois hautufundishi kutafuta Nobel. Taa za LED zenye sola ndogo zimeviondoa vibatari katika maelfu ya nyumba za vijijini mwetu, na hazikuvumbuliwa hapa. Kinachotuhusu ni kuwa na mtu wa kuzipima, kuzikagua, kuzitengeneza na kuziboresha. Mashine ya kutibu saratani kwa mionzi, kama zilizoko Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, haimgusi mgonjwa kabla mwanafizikia wa tiba hajathibitisha kipimo cha mionzi. Mwanafizikia huyo lazima afundishwe na mtu. Mwalimu wake lazima awe amesomeshwa na mwingine hadi kileleni. Nchi isiyo na uzamivu wa fizikia hununua mashine pamoja na mtaalamu wa kuiendesha, na mtaalamu akimaliza mkataba mashine hufunikwa turubai.

Basi mbunge, wa Springfield, mji mkuu wa Illinois, au wa Dodoma, anapofunguliwa kitabu cha makadirio, asikubali kuonyeshwa hataza peke yake, kwa sababu hataza zitamdanganya. Aulize mambo manne. Ni wahandisi na walimu wangapi wanafundishwa na wanafunzi wa uzamivu wa idara hii kila mwaka? Kila fedha anayoitoa inavuta kiasi gani kutoka nje? Wahitimu wa miaka kumi iliyopita wako wapi, wanafanya nini, na wangapi wako umbali wa kuitwa? Na idara ikifungwa leo, itachukua miaka mingapi na fedha kiasi gani kuirudisha?

Idara yenye majibu mazuri kwa maswali hayo inastahili fedha, na inastahili kuzipata kila mwaka, kwa kiwango kinachotabirika, hata katika mwaka wa ukame wa mapato. Idara isiyo na majibu ipewe muda wa kuyatafuta, na isipoyapata ifungwe bila kinyongo. Nimeisoma historia ya Urbana nikikitafuta kipindi ambacho kodi ya mkulima ilipotea bure, na kile ambacho bila shaka ilipotea ni kile cha 2015 hadi 2017, pale jimbo lilipojidhania linaokoa.